Dakika Moja ya Shangazi wa Mtukufu

Haya hayakutokea kwetu. Nayasema mapema kabla hamjakaa vizuri, maana nawajua. Mtu hajafungua mdomo ninyi mshaanza kukonyezana. Yalitokea Jamhuri ya Nderemo, nchi iliyo mbali, huko huko, na anayetaka kuitafuta kwenye ramani asijisumbue. Ramani zao zilikuwa kwenye seva.

Seva yenyewe ndiyo hadithi. Iliitwa Seva Kuu ya Taifa, na ilikaa peke yake katika chumba chenye zulia na viyoyozi viwili, ghorofa ya kwanza, Wizara ya Mawasiliano na Mambo Yasiyoonekana. Watu waliingia humo miguu mitupu. Kila jambo la mwananchi lilipitia kwenye tovuti ya serikali, na tovuti ilikuwa tumboni mwa mashine ile. Umezaa? Andika, seva itakujibu. Umefiwa? Andika. Unataka kuoa, kuhama, kufungua genge la nyanya, kumshtaki jirani kwa ajili ya jogoo wake? Andika tu. Majalada ya karatasi serikali ilishayachoma moto katika sherehe nzuri sana, na ngoma zilipigwa, kwani Nderemo hakuna kinachofanyika bila ngoma.

Basi shangazi wa Mtukufu akafariki dunia.

Mtukufu ndiye rais wao, na ana vyeo kumi na kimoja ambavyo nitawasamehe leo. Shangazi alikuwa na miaka tisini na nane na hakuna aliyemjua, lakini asubuhi ile nchi nzima iligundua kwamba ilikuwa ikimpenda kupita kiasi. Amri ikatoka: Alhamisi, saa nne kamili, dakika moja ya ukimya wa kitaifa. Kila chenye sauti kinyamaze. Magari yazimwe, mashine za kusaga zizimwe, majogoo yafunikwe matenga.

Wizarani kikaitwa kikao. Mheshimiwa Makopa, waziri mwenyewe, mtu mnene wa sauti nyembamba, akauliza kama kuna lolote la kuongeza. Akasimama Sikudhani, mhandisi wa tovuti, mwanamke wa miaka thelathini na moja.

"Mheshimiwa, hayo mengine sawa," alisema. "Ila seva naomba tuiache. Haijazimwa miaka minne. Ikizimwa, siku ya kuamka italisoma upya faili lake la mipangilio tangu mstari wa kwanza, na sisi hatujui watu wameandika nini humo muda wote huo. Kosa likiwemo, haitaamka."

Maneno ya mtu mwenye akili. Waziri alishaanza kutikisa kichwa kukubali, na pengine mambo yangeishia hapo, na mimi ningekuwa nyumbani nakunywa chai. Lakini kitini kwake, safu ya nyuma, Bwana Hemedi Ngwali aliona kile kichwa cha waziri kinavyotikisika kwa maneno ya Sikudhani. Akajikuta kasimama.

"Mheshimiwa Waziri! Seva ina feni sita. Feni zinavuma. Sasa mimi nauliza, na naomba nijibiwe: marehemu shangazi avumiwe na feni?"

Hakuna aliyetaka kuwa mtu aliyeruhusu shangazi avumiwe. Ikaandikwa kwenye kumbukumbu kwamba seva nayo itanyamaza.

Alhamisi saa nne ikazimwa. Saa nne na dakika moja ikawashwa. Taa za kijani zikawaka moja baada ya moja, zikageuka nyekundu, zikazimika zote. Ikawashwa tena, ikafanya vile vile.

* * *

Sasa niwaambie habari za kiti, maana huyu Hemedi hamtamwelewa msipokijua kiti.

Wizara ile ilikuwa na Mkurugenzi Mkuu wa Mitandao, na mkurugenzi alikuwa na kiti cha ngozi nyeusi, kinachozunguka, chenye mahali pa kulaza mikono na mahali pa kulaza kichwa. Ukikikalia kinashuka taratibu, kinatoa pumzi, fyuuu, kama kimekufurahia. Hemedi alijua hivyo kwa sababu aliwahi kukikalia mara moja, mkurugenzi alipokwenda msalani. Yeye mwenyewe alikuwa Fundi Mwandamizi, na kwa miaka kumi na tisa alikalia kiti cha mbao chenye mguu mmoja mfupi, juu yake mto uliojazwa sufi, alioushona mkewe, Mwajabu. Mkurugenzi akastaafu. Kiti kikawa wazi mwezi wa tatu sasa. Kila asubuhi Hemedi alipita mlango ule na kuchungulia kwenye kitundu cha kitasa, kukiangalia tu kama kingalipo.

Kikwazo kilikuwa Sikudhani. Alikuja wizarani miaka mitatu iliyopita, na tangu siku hiyo Hemedi hakula akashiba. Si kwamba binti alimkosea. Angalau angemkosea! Kila asubuhi alimwamkia, "Shikamoo mzee Hemedi," na kumwekea mezani karanga za kukaanga kwenye kikaratasi. Hemedi alizila zile karanga kwa uchungu, moja moja. Alikuwa na kile tunachokiita roho ya kwa nini. Kwa nini anacheka hivyo? Kwa nini chakula chake kinanukia mpaka ukumbini? Kwa nini waziri anamwita yeye "mama mtandao" na mimi ananiita "wewe bwana"? Kwa nini, akiingia chumba cha seva, vitaa vinapepesa kama vinamjua? Hili la mwisho Hemedi alimsimulia mkewe, na Mwajabu akamshika paji la uso kuona kama ana homa.

Na mnajua watu husema hasidi hana sababu. Mimi sisemi kitu. Nawasimulia tu.

Alhamisi ile ile, watu wote wakiwa ukumbini wanashauriana, Hemedi aliingia peke yake chumbani, akawasha skrini ndogo ambapo seva huandika kinachoisumbua. Maandishi yalikuwa mafupi:

*Mstari wa 1: neno "Mtukufu" silitambui. Siwezi kuendelea.*

Hemedi aliyasoma mara moja tu. Akazima skrini. Akaifunika kwa kofia yake.

Maana alikumbuka. Miaka miwili nyuma ulitoka Waraka Namba 9, kwamba kila barua, jalada, daftari na faili la serikali lianze kwa kumtaja Mtukufu na vyeo vyake vyote. Watu wenye akili zao waliandika kwenye barua, basi. Lakini wiki ile Sikudhani alikuwa amesifiwa kwa kuifanya tovuti iende kasi, kapewa na ua, na Hemedi alizunguka siku tatu akitafuta cha kumzidi. Akakipata. Alifungua faili la mipangilio la seva, lile lile linaloieleza mashine iamke vipi, na juu kabisa akaandika: *Mtukufu, Baba wa Nderemo, Mlezi wa Mvua, Fundi wa Mafundi*, mpaka cheo cha kumi na moja. Seva ilikuwa macho tayari, haikuwa na haja ya kulisoma tena faili, kwa hiyo haikusema lolote. Waziri alilia machozi. "Huyu," alisema, "ni mzalendo mpaka ndani ya mashine!" Hemedi akavikwa kilemba cha ukoka, akapewa cheti chenye fremu, akapigwa picha kaegemea seva. Cheti kilitundikwa sebuleni kwake, juu ya televisheni.

Na sasa mashine ilikuwa inasema haimtambui Mtukufu.

* * *

Nderemo, kuwasha kitu cha serikali ni uzinduzi, na uzinduzi una mambo yake: mgeni rasmi, utepe, dua, ngoma, hotuba, na baada ya hapo kibonyezo. Kuwasha upya ni uzinduzi upya. Huwezi kumwona fundi wa Nderemo akibonyeza tu kitu, bonyeza, bonyeza, kama mtu asiye na kwao.

Kwa hiyo Ijumaa alikuja Mheshimiwa Makopa na mkasi. Akakata utepe, akabonyeza. Nyekundu. Jumamosi akaja tena. Jumatatu mara mbili. Uzinduzi wa tano utepe ulikuwa umekatwa sana hata ukawa unafungwa fundo na kukatwa pale pale kwenye fundo. Akina mama wa kikundi cha ngoma waliona nauli ya kwenda na kurudi inawamaliza, wakahamia ukumbini na masufuria yao. Harufu ya dagaa ikaingia mpaka kwa Katibu Mkuu.

Nje huko hali ilikuwa mbaya. Watoto walizaliwa bila kuzaliwa. Bwana mmoja alipona hospitalini lakini hakuweza kutoka, kwa sababu kibali cha kutoka kilikuwa kwenye seva, akaendelea kulala wodini anasaidia kufagia. Maharusi walikaa wamepakwa hina mpaka hina ikafutika. Waziri akatoka kibarazani kuzungumza na umma uliojaa uwanjani.

"Ndugu wananchi! Kuna watu wanasema seva imezimika. Nawauliza: kinazimika kitu ambacho hakipo? Kuzimika kwa seva yetu ni ushahidi kwamba tunayo seva! Nchi ngapi hapa jirani hazina hata cha kuzimika?"

Watu walipiga makofi, kwa kuwa mpigishaji makofi wa serikali alikuwa ameanza. Kisha waziri akarudi ndani, akafunga mlango, akawageukia watumishi, na sauti yake ikapungua zaidi.

"Mtukufu kanipigia. Sitaki kujua ni faili wala ni waya. Atakayeiamsha seva hii ndiye atakayekalia kile kiti cha mkurugenzi. Nimemaliza."

Hemedi alimtazama Sikudhani. Sikudhani hakumtazama mtu. Alikuwa anatazama ile kofia juu ya skrini.

* * *

Hemedi alimkuta humo chumba cha seva saa sita mchana, wengine wakiwa wamekwenda kula. Sikudhani alikuwa amekaa chini kwenye zulia, skrini iko wazi mbele yake, kofia ya Hemedi kaikunja vizuri kaiweka pembeni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," akasema Hemedi.

"Nimeliona tatizo. Ni ule mstari wa juu."

Hemedi aliitazama kofia yake.

"Sikiliza mzee wangu," Sikudhani alisema, na alisema kwa upole, jambo ambalo kwa kweli hakupaswa kulifanya. "Kuufuta hatuwezi, watatunyonga. Lakini si lazima tuufute. Tunaweka alama ya reli mwanzoni mwa mstari, hii hapa ya vistari vilivyokatizana, basi. Mashine ikiiona hii inajua kwamba haya ni maneno ya watu, hayaihusu, inaendelea na mstari wa pili. Vyeo vyote vinabaki palepale. Hakuna atakayejua. Ni kubonyeza mara moja."

"Najua alama ya reli ni nini," akasema Hemedi.

"Najua unajua. Ndiyo maana nakuambia wewe kwanza. Tutasema tumeiamsha sote wawili. Au ukitaka, sema umeiamsha wewe, mimi nilikuwa nakushikia taa. Mimi hicho kiti sikitaki, kinanipa kizunguzungu."

Ndugu zangu, hapo ndipo mwanadamu anapojulikana. Kiti kilikuwa mkononi. Angesema "ahsante mwanangu", akabonyeza, akaenda zake kuketi. Lakini Hemedi alimwangalia binti yule kakaa kwenye zulia bila wasiwasi, anagawa kiti kama anavyogawa karanga, na wivu ulimpanda mpaka masikio yakawa ya moto. Mwenyewe miaka kumi na tisa anakitamani mpaka anakichungulia kwenye kitasa, na huyu kinampa kizunguzungu! Akikipokea hivi, kila atakapokikalia, kile kiti kitakapotoa pumzi, atajua ni sadaka yake. Na kila asubuhi ataletewa karanga.

"Ngoja," alisema. "Tusifanye haraka. Nipe mpaka kesho nifikirie."

"Watu wanateseka, mzee."

"Kesho, nimekuambia."

Sikudhani akaitikia, haya, mzee wangu. Akainuka, akampa kofia yake. Hemedi akaivaa na kwenda moja kwa moja kwa waziri.

* * *

Kikao cha dharura kilifanyika jioni hiyo hiyo. Akina mama wa ngoma waliombwa wapunguze sauti, wakabaki wanapiga kwa vidole.

"Inadaiwa," alisoma Mheshimiwa Makopa, "kwamba wewe, mhandisi, umepanga kuweka alama mbele ya jina la Mtukufu. Ni kweli?"

"Ni kweli, mheshimiwa. Alama ndogo tu."

"Inafanya kazi gani hiyo alama?"

"Mashine ikiiona, inauruka ule mstari."

Waziri alishika meza. "Inamruka Mtukufu?"

"Inauruka mstari, mheshimiwa. Mtukufu mwenyewe hayumo."

Sauti ya watu kushtuka ilisikika mpaka ukumbini, na vidole vya akina mama vikasimama. Mwanasheria wa wizara aliuliza kama maneno "Mtukufu hayumo" yaandikwe kwenye kumbukumbu, au kumbukumbu yenyewe itakuwa na hatia kwa kuyabeba. Wakajadili saa nzima. Mwishowe waliandika, "Mtuhumiwa alisema jambo."

"Na wewe bwana," waziri akamgeukia Hemedi, "wewe ni fundi. Kuna ubaya wowote katika ule mstari wa juu?"

Hemedi alitazama ukutani. "Mheshimiwa, mstari ule hauna ubaya hata herufi moja. Niliuandika mwenyewe. Anayeona jina la Mtukufu ni kosa, basi kosa liko kwake."

Sikudhani alimtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anashangaa tu, kama mtu aliyeumwa na mbuzi. Hilo nalo Hemedi aliliona na likamuudhi. Hata kuonewa alikuwa anaonewa vizuri.

Hawakumnyonga. Nderemo ni nchi ya upendo. Walimhamishia Mkiani, wilaya ya mwisho kabisa, ambako barabara inafika imechoka, akawe Msaidizi wa Kutunza Stoo ya Vifaa Vibovu. Asubuhi iliyofuata hapakuwa na kikaratasi cha karanga mezani kwa Hemedi. Aliketi, akaangalia pale pahali pa kikaratasi, akajiambia kwamba ana furaha sana.

Saa tatu, kwa kumfichua mhaini, akakabidhiwa kiti hata kabla seva haijaamka. Kikashuka taratibu, fyuuu. Waziri akapiga makofi, ngoma zikalia.

"Haya, Mkurugenzi," alisema Mheshimiwa Makopa akimpa mkasi. "Utepe ule pale. Tuamshie seva yetu."

Hapo ndipo Hemedi alipokumbuka kwamba njia ya kuiamsha ilikuwa moja tu, na kwamba njia hiyo, tangu jana jioni, kwa ushahidi wake mwenyewe, ilikuwa uhaini. Mchimba kisima huyo, kaingia mwenyewe na mkasi mkononi.

* * *

Msidhani serikali ilishindwa. Serikali haishindwi, hubadilisha maana. Bunge liliketi wiki ile na kupitisha azimio kwamba dakika moja ya ukimya kwa ajili ya shangazi wa Mtukufu, iliyoanza Alhamisi saa nne, *bado haijaisha*. Huzuni ya taifa ni kubwa, ilisema taarifa, wala haiwezi kupimwa kwa saa za ukutani. Kwa hiyo seva haijaharibika. Iko kimya kwa heshima, kama ilivyoagizwa, na wale wanaodai iamke wajiulize wana ugomvi gani na marehemu.

Magari yaliruhusiwa, na majogoo pia baada ya mjadala mrefu. Seva ikabaki ndiyo mfiwa mkuu.

Lakini wananchi walikuwa bado wanazaa na kufa, watu wakaidi wale. Ikaamuliwa kwamba, kwa muda wa dakika hiyo, kazi za seva zifanywe na Mkurugenzi mwenyewe. Dirisha likatobolewa ukutani kwake. Mtu alikuja, akaingiza kikaratasi, "Naomba cheti cha ndoa." Hemedi alizunguka na kiti chake mara moja, kwa heshima ya utaratibu, kisha akajibu kama tovuti ilivyokuwa ikijibu: "Ulichokitafuta hakikuonekana."

"Nilichokitafuta ni mke wangu, kasimama hapa!"

"Hakikuonekana. Jaribu tena baadaye."

Kwa siku alisema hivyo mara mia nne. Sauti ilimkauka. Mwajabu alimletea uji kwenye chupa ya chai, akaupitishia dirishani, na siku ya kwanza Hemedi alimjibu na yeye pia kwamba hakikuonekana. Kiti kilimpa maumivu ya kiuno. Ngozi ile ilikuwa inateleza, mtu anashuka kidogo kidogo mpaka kidevu kinagusa meza. Usiku aliota ule mto wa sufi.

Baada ya miezi mitatu foleni ikaanza kupungua. Hemedi alifurahi, akadhani watu wamezoea. Kisha akasikia mama mmoja akimwambia mwenzake palepale dirishani, wala hakupunguza sauti: "Shoga, unapoteza wakati hapa. Nenda Mkiani."

* * *

Hangekwenda. Naapa hangekwenda, angekufa kwanza. Lakini bintiye, Rukia, alikuwa amechumbiwa mara ya pili, wa kwanza alishachoka kusubiri, na wa pili alikuwa anaanza kutazama saa. Cheti cha ndoa hakuna. Mkurugenzi Mkuu wa Mitandao alijiandikia ombi mwenyewe, akalizungukia dirisha kwa nje, akaliingiza, akarudi ndani kulisoma. Hakikuonekana. Jioni Mwajabu alikiteremsha kile cheti cha uzalendo kutoka juu ya televisheni, akakigeuza uso ukutani.

"Baba Rukia, nenda Mkiani," alisema. "Nimemaliza."

Akaenda. Siku mbili njiani. Stoo ya Vifaa Vibovu ilikuwa banda la mabati lenye foleni iliyozunguka mara mbili, lakini foleni yenyewe ilikuwa inatembea, jambo ambalo Hemedi hakuwahi kuliona. Mbele kabisa, katikati ya mafeni mabovu na kompyuta zilizotupwa, Sikudhani alikuwa ameunganisha mashine tatu zilizokufa kuwa moja iliyo hai. Ilikaa juu ya kreti la soda, ikivuma. Mkuu wa wilaya hakuwa na swali. Vyeti vilikuwa vinatoka, na yeye mwenyewe alishapata cha shamba lake.

Foleni ikafika kwake.

"Shikamoo mzee Hemedi," alisema Sikudhani. "Karibu Mkiani. Habari za nyumbani? Mama Rukia hajambo?"

"Hajambo," akasema Hemedi kwa sauti iliyobaki. "Naomba cheti cha ndoa. Cha binti yangu."

Sikudhani aliandika. Kioo cha kompyuta kilikuwa kimemwelekea Hemedi kidogo, na pembeni lilikuwa wazi faili la mipangilio. Hemedi alilisoma. Mstari wa kwanza: Mtukufu, Baba wa Nderemo, Mlezi wa Mvua, Fundi wa Mafundi, mpaka cheo cha kumi na moja, maneno yake mwenyewe, hakuna hata herufi iliyopungua. Na mbele yake, alama ndogo ya reli.

Cheti kikatoka. Kilikuwa bado kina joto. Sikudhani akakikunja vizuri, akachomoa kikaratasi cha karanga chini ya meza, akampa vyote pamoja.

"Mpe Rukia hongera zangu."

Hemedi alivipokea. Alijua yapo maneno ya kusema. Yalikuwa mawili au matatu tu, na watu wote nyuma yake walikuwa wamenyamaza kama wanayasubiri. Alifungua mdomo. Lakini macho yalikuwa yameshuka, yameona alichokalia Sikudhani. Kigoda. Kigoda cha mti cha miguu mitatu, kimelainika kwa kukaliwa, na binti kakaa juu yake mgongo wima, hateremki, hana maumivu ya kiuno, kiti kimemkaa kama alizaliwa nacho. Wivu ukampanda Hemedi tena.

"Hicho kigoda," akasema, "umekipata wapi?"

Sikudhani alikitazama kigoda. Kisha akainuka, akakipangusa kwa kiganja, akamkabidhi.

"Chukua tu, mzee wangu."

Akakichukua. Ndiyo, alikichukua, msinitazame mimi! Cheti mfukoni, karanga mkononi, kigoda kwapani, akaipita foleni yote bila kumwangalia mtu. Alipofika kona, hakujizuia, akageuka nyuma mara moja.

Sikudhani alikuwa ameshapindua ndoo ya bati na kuikalia, anamwamkia mtu wa pili. Ilikuwa ndoo kuukuu, yenye kutu ukingoni. Hemedi alisimama pale kona muda mrefu sana, akiitazama ile ndoo.